Mchoro wa penseli hauna jina? Anza na nguo, uso baadaye

Jamani ukikutana na mchoro wa penseli wa miaka ya 1800 na chini hakuna jina, usikimbilie uso. Uso unadanganya, unaanza kusema huyu mama ana huzuni, huyu kafiwa, kumbe alitulia tu muda mrefu ili achorwe. Cheki nguo kwanza. Kiuno cha gauni kikiwa juu kabisa, chini tu ya matiti, hapo uko mwanzo mwanzo wa karne, na mikono ikiwa imefura kama puto huko begani basi uko kwenye miaka ya 1830.

Kama unayo karatasi yenyewe iinue kwenye mwanga, taratibu isikunjike, utafute alama kama ile ya kwenye noti, karatasi za Whatman za Uingereza mara nyingi zina hadi mwaka, ila mwaka huo ni wa karatasi, mchoro unaweza kuja baadaye.

Halafu angalia penseli imekaza wapi. Mcheki Ingres, yule mchoraji Mfaransa aliyekuwa anaishi Roma: Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alipoanguka 1815 wateja wake Wafaransa wakapotea akawa anaishi kwa kuchora watalii, wengi Waingereza, na uso anaushughulikia kwa makini sana ila nguo anapitisha mistari ya haraka. Kwa hiyo koti lililoachwa nusu sio lazima kazi haikuisha. Mimi hapo ndo napapenda zaidi, unaona kabisa jicho la mchoraji lilituama wapi.