Kabla hujapima nguvu ya zege lililozeeka, iangalie nondo kwanza

Wengi wakiona jengo la zamani limeanza kumeguka wanakimbilia nyundo ya Schmidt (kifaa kinachokisia nguvu ya zege kwa ugumu wa uso wake), wanagonga nguzo mbili tatu, namba inatoka nzuri wanasema zege bado liko freshi. Hapo ndo watu wanaingia chaka. Zege likikaa miaka mingi linavuta kabonidayoksaidi, ule uso wa juu unakua mgumu kuliko ndani kwahiyo namba inapanda, na kaboni hiyohiyo inashusha pH (kipimo cha ualkali wa zege) kutoka kama 13 mpaka chini ya 9, nondo inakosa kinga yake inaanza kuliwa na kutu.

Kabla ya vipimo vyovyote, kama boriti imepasuka vibaya au nguzo imevimba, toa watu chini yake na uweke mirunda. Kipimo kitasubiri. Tafuta na michoro ya zamani kama ipo, halafu uliza jengo limebebeshwa nini toka lijengwe, maana utakuta tangi la maji juu ambalo kwenye mchoro halipo kabisa.

Nyundo ya kawaida inasaidia sana kuliko watu wanavyodhani, gonga kila sehemu, pakilia kama debe tupu ujue zege limeshaachana na nondo. Bandua hapo, sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kisha pima unene kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) pale palipoliwa zaidi. Nondo ya 16 mm ikibaki 14 unaona ni 2 tu, kumbe umepoteza kama asilimia 23 ya chuma. Na kama ni kutu ya chumvi, karibu na bahari mfano, inachimba vishimo na nje unaweza usione hata ufa.

Palepale ulipobandua puliza vumbi, rashia fenolftaleini (dawa ya kuonyesha kama zege bado lina ualkali), pakigeuka pinki kinga bado ipo, pasipobadilika rangi imeshaisha. Pima kina cha hapo pasipobadilika rangi ulinganishe na kava, yaani unene wa zege lililofunika nondo, kava ikiwa 25 mm na kaboni imeingia 30 basi nondo iko uchi.

Sampuli za silinda za zege, zile za kwenda kupimwa nguvu, zikatwe mwishoni, ila skani kwanza kwa kifaa cha kutafuta nondo usije ukakata nondo yenyewe, na usitoboe sehemu iliyoelemewa. Sampuli moja haitoshi.

Halafu ringi jamani, vile vyuma vinavyozungushwa kufunga nondo kubwa, zinasahaulika sana. Ni nyembamba na ziko nje ya nondo kubwa, kutu inaanza nazo, na ringi ikikatika nguzo haishikiki tena hata kama nondo kubwa unaziona nzima.