Kahawa ya birika la kubana: ujue imeiva lini, na useme nini kwa Kifaransa

Ukiishi Ufaransa, Ubelgiji au Quebec, haitachukua muda utakutana na cafetière à piston, lile birika la kioo lenye chujio la kusukuma chini kwa mkono. Usiihukumu kahawa yake kwa rangi. Maji hugeuka meusi mapema sana, wakati kahawa yenyewe bado ni nyepesi na ina uchachu. Tegemea saa: dakika 4, kwa gramu 30 za kahawa iliyosagwa chengachenga ndani ya nusu lita ya maji yaliyochemka kisha yakatulia kidogo.

Ukishamimina maji, unga hupanda juu na kufanya utando mnene, kwa kuwa kahawa iliyokaangwa ina gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ikiloweshwa. Dakika 4 zikitimia, koroga utando huo kwa kijiko. Sehemu kubwa ya unga itazama. Hapo ndipo unabana.

Mkono nao una la kusema. Chujio lishuke polepole, likikaza kidogo tu. Likigoma, unga ni laini mno: usilazimishe, maji ya moto yanaweza kukurukia. Livute juu kidogo, halafu endelea taratibu. Likishuka kama halijagusa kitu, unga ni mkubwa mno na kahawa itakuwa hafifu. Kisha mimina yote mara moja, maana inayobaki na mashapo huzidi kuwa chungu.

Sasa waite watu. "C'est prêt !" inatosha, iwe ni kahawa au chakula, na haibadiliki. Ukikitaja kitu chenyewe, jinsia inaingia: le café est prêt, herufi t haisikiki, la tisane (chai ya mitishamba) est prête, inasikika. Nawe vilevile: mwanamume husema je suis prêt, mwanamke je suis prête. Kiswahili hakitudai tofauti hiyo, kwa hiyo inafaa kuizoeza kwa sauti, hasa kwa dada zetu, wasije wakaiga walichosikia kwa wanaume.

Linalotukwaza zaidi, naona, ni "tayari" yetu yenye kazi mbili. "Kahawa iko tayari" ni prêt, lakini "amefika tayari" ni déjà: il est déjà arrivé. Na ukimaliza kikombe sema j'ai fini. Je suis fini ni maneno ya mtu aliyeangamia.

Wakikuuliza mapema, c'est prêt ?, jibu pas encore, yaani bado, au encore deux minutes, bado dakika mbili. Unaweza pia kusema ça infuse, yaani kahawa bado imo majini. Chujio likifika chini, wenyeji husema ça y est, hutamkwa kama "sa-ye", nao watasogeza vikombe bila kuambiwa zaidi.