Shusha hiyo alamu ya moshi usome mgongoni kwake

Jamani mlioko Marekani na Kanada, hasa mnaoishi nyumba za kupanga, kabla baridi haijaanza chukua stuli ushushe alamu ya moshi na ile ya kaboni monoksaidi (gesi ya sumu) uzisome nyuma. Kama imeungwa na umeme wa dari zima breka kwanza. Najua wengi tunabonyeza tu kile kitufe cha kujaribu, inalia, tunaridhika, kumbe kitufe kinapima umeme na king'ora, hakikuhakikishii kama sensa inanusa chochote.

Machi 2018 kampuni ya Kidde iliita zirudishwe alamu za moshi kama 452,000 Marekani na 40,000 Kanada, modeli PI2010 na PI9010, sababu kuna nyingine zilitoka kiwandani na kifuniko cha njano kimesahaulika ndani kikaziba sensa. Na maelekezo yalikuwa uchungulie kwa pembeni, ukiona njano usiifungue wala kuchokoa mwenyewe, wapigie wakupe nyingine bure. Sasa fikiria mpangaji aliyehamia juzi, alamu ilinunuliwa na mwenye nyumba, taarifa kama hiyo nani atamfikishia?

Kwa hiyo piga picha ile lebo ya nyuma, jina, modeli, tarehe ya kutengenezwa, halafu tafuta kwenye cpsc.gov kwa Marekani, tovuti ya CPSC, wakala wa serikali wa usalama wa bidhaa, au tovuti ya Health Canada, wizara ya afya ya Kanada. Ikiwa imo kwenye zilizoitwa zirudishwe, mtumie mwenye nyumba hiyo picha kwa meseji au imeili ili maandishi yabaki, usiishie kumwambia mdomoni. Ya moshi usiitupe mpaka nyingine iwe imefungwa. Tarehe nayo uiangalie, ya moshi mwisho miaka 10, za kaboni monoksaidi nyingi ni 5 hadi 10 kutegemea kampuni, ikipita hiyo hata kama inalia vizuri badilisha.

Za bei chee mtandaoni ndio zinaniogopesha zaidi. Mwaka 2021 CPSC ilifungua kesi dhidi ya Amazon na kati ya bidhaa zilizotajwa ni detekta za kaboni monoksaidi kama 24,000 ambazo gesi ikijaa hazilii. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu, unaumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, unadhani ni mafua unaenda kulala! Ukinunua ya kaboni monoksaidi tafuta alama ya UL 2034, yaani kiwango cha usalama, Uingereza na Ulaya ni EN 50291, ukishanunua jisajili kwa kampuni maana ikiitwa irudi watakutafuta wewe.

Na tafadhali jiko la mkaa lisiingie ndani wala gereji, hata umeme ukikatika na mna nyama ya kuchoma, hata dirisha likiwa wazi. Alamu ya gesi ikilia toeni watoto nje wote, ndipo mpige 911, na msirudi ndani kuchukua kitu mpaka zimamoto waseme pako salama.