Kuhamisha modeli kubwa ya Revit kwenda Blender bila kuta kuachana

Mwongozo huu wa kuhamisha jengo kutoka Revit (programu ya kusanifu majengo) kwenda Blender (programu ya 3D ya kurenda, yaani kutengeneza picha za jengo) ni wa majengo makubwa: hospitali, hoteli ya ghorofa nyingi, kituo cha mabasi, mradi ambao usanifu uko faili moja, nguzo na boriti faili la pili, mabomba na umeme faili la tatu. Kwa nyumba ya vyumba vitatu toa FBX (aina ya faili la 3D) tu, hutapata shida.

Njia tutakayofuata ni Revit kwenda IFC (faili la kubadilishana modeli za majengo), IFC kwenda GLB (faili la 3D ambalo Blender inalisoma) kwa kutumia IfcConvert, programu ya kugeuza mafaili ya IFC kutoka IfcOpenShell, kisha Blender. OBJ, aina nyingine ya faili la 3D, siishauri kabisa kwa kazi ya ukubwa huu: ni maandishi matupu, na kiti kimoja kilichowekwa mara 300 kinaandikwa upya mara 300. FBX nayo inakunyima nafasi ya kusahihisha kodineti kabla umbo halijageuzwa pembetatu, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia.

Hatua ya 1: Punguza ndani ya Revit

Tengeneza mwonekano mpya wa 3D kwa ajili ya kazi hii tu. Weka Detail Level kwenye Medium. Zima nondo, mabomba yaliyofichwa juu ya dari, na chochote ambacho kamera haitakiona. Purge Unused haisaidii hapa. Inapunguza faili la Revit, lakini familia (vitu vilivyotengenezwa tayari, kama kiti au mlango) ambazo hazijawekwa kwenye jengo zisingetoka hata hivyo. Kinachosaidia ni kutafuta familia nzito zilizopakuliwa kwa watengenezaji wa bidhaa: bomba la sinki lenye hesi zilizochongwa moja moja, kiti chenye mshono wa kitambaa. Badilisha hizo kwanza.

Pia toa majina ya maana kwa kila materiali. IFC inabeba jina na rangi, haibebi picha za marumaru wala mbao. Materiali ishirini zinazoitwa Default zitakutesa huko mbele.

Hatua ya 2: Toa IFC

Chagua IFC2x3 Coordination View 2.0, washa chaguo la kutoa vinavyoonekana kwenye mwonekano huo tu, na kwenye Coordinate Base chagua Shared Coordinates. Fanya hivyo hivyo kwa mafaili yote matatu.

Hatua ya 3: Rudisha jengo karibu na sifuri

Hii usiipitie haraka.

Mpima ardhi akishaweka kodineti za UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda na kupima mahali kwa mita), kiwanja cha katikati ya Dar es Salaam kinakuwa na namba ya mashariki ya takriban 531,000 na ya kaskazini ya takriban 9,248,000, kanda ya 37 Kusini. Ndani ya IFC namba hizo zimeandikwa kamili, pamoja na milimita zake. Blender, kama programu nyingi za kurenda, huhifadhi pointi kwa namba za biti 32, zenye takriban tarakimu saba za maana. Kuanzia 8,388,608 hadi 16,777,216, namba mbili zinazofuatana za aina hiyo zimeachana kwa 1 nzima. Kwa mita, hakuna kitu kati ya 9,248,000 na 9,248,001. Upande wa mashariki mruko ni sentimita 6.25.

Tatizo hili linatuuma sisi kuliko wengi, kwa sababu kusini mwa ikweta UTM huhesabu kaskazini kwa kushuka kutoka 10,000,000. Tanzania nzima iko juu ya ile 8,388,608. Kampala, kwenye kanda ya 36 Kaskazini, namba ya kaskazini ni ndogo, lakini ile ya mashariki, 450,000 na zaidi, bado inaruka kwa sentimita 3.

Dalili ni mbili, na zinasema mambo tofauti. Ikiwa kila mlango una umbo zuri ila umekaa nje ya tundu lake, namba kubwa iko kwenye mahali pa kitu. Ikiwa ngazi zimebanwa na duara limekuwa mraba, namba kubwa iko kwenye pointi za umbo lenyewe. Kwa vyovyote vile, kulivuta jengo hadi sifuri ukiwa tayari ndani ya Blender hakuponyi kitu, tarakimu zimeshapotea. Rudi kwenye IFC.

Fungua IFC kwa kihariri cha maandishi, tafuta IFCSITE, fuata namba ya placement yake (mahali kiwanja kilipowekwa) hadi IFCCARTESIANPOINT. Ukiona 531000000, usishtuke, faili liko kwa milimita. IfcConvert yenyewe hutoa mita. Chagua namba isiyo na tarakimu nyingi za mwisho, kama 531000, iliyo karibu na jengo, kisha:

IfcConvert -j 8 --model-offset="-531000;-9248000;0" usanifu.ifc usanifu.glb

Rudia kwa nguzo.ifc na mabomba.ifc kwa namba zile zile. Usitumie --center-model kwenye mradi wa mafaili mengi: kila faili litajitafutia katikati yake, na mabomba yatatokea nje ya kuta. Kuchagua Internal Origin pale kwenye hatua ya 2 kuna hatari hiyo hiyo, kwa kuwa sifuri ya ndani ya msanifu si lazima iwe ya mhandisi. Faida nyingine ya Shared Coordinates ni kwamba jengo linakuja likitazama kaskazini ya kweli, na hilo ni muhimu kwa jua: Dar es Salaam mwezi Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini.

Ukipewa IFC4, angalia kwanza kama namba kubwa ziko kwenye mstari wa IFCMAPCONVERSION. Zikiwa hapo, huenda jengo lenyewe tayari liko karibu na sifuri, na ukiisogeza tena kwa namba zile utalitupa kilomita elfu tisa upande wa pili.

Hatua ya 4: Ingiza na usafishe

Ingiza GLB zote. Modeli ikilala, izungushe digrii 90 kwenye mhimili wa X. Pima upana wa mlango na umbali kati ya nguzo mbili, ulinganishe na mchoro.

Materiali zilizojirudia, zile zenye .001 na .002 mwishoni, ziunganishe kwa hati hii:

import bpy
for m in list(bpy.data.materials):
    n = m.name
    if n[-4:-3] == "." and n[-3:].isdigit():
        asili = bpy.data.materials.get(n[:-4])
        if asili: m.user_remap(asili)

Kisha viti na madirisha yanayofanana: chagua yote, bonyeza Ctrl+L, Link Object Data, ila hakikisha kwanza kweli yanafanana. Kiti cha pembetatu 40,000 mara 300 ni milioni 12. Kikishirikiwa, kumbukumbu inabeba 40,000 tu.

Kwa picha za marumaru na plasta tumia kodineti za Object na Image Texture iliyowekwa Box. Hutahitaji UV (ramani ya kubandika picha juu ya umbo) kwa sehemu kubwa ya jengo.

Hatua ya 5: Tenga modeli na taa

Hifadhi jengo kwenye faili lake la .blend, kisha fungua faili jingine la kamera na taa, ulilete jengo kwa File, Link. Andika zile namba za offset kwenye faili la maandishi ndani ya folda hiyo hiyo: msanifu akileta toleo jipya, GLB lazima itolewe kwa namba hizo hizo, la sivyo kamera zako zote zitatazama hewa.