Kuondoa Mikwaruzo ya Mviringo kwenye Rangi ya Gari Ukiwa Nyumbani Dodoma

Gari la rangi nyeusi, bluu iliyokolea au nyekundu linaposimama kwenye jua la saa sita mchana hapa Dodoma, huonyesha kila kitu ambacho rangi yake imetendewa tangu lilipotoka bandarini. Kuuzunguka mng'ao wa jua juu ya boneti huonekana mikwaruzo myembamba isiyohesabika, imejipanga kwa mviringo kama utando wa buibui. Kwa kweli mikwaruzo hiyo imeelekea kila upande. Huonekana ya mviringo kwa sababu ni ile tu iliyokingama na mwanga ndiyo inayong'aa, na ndiyo maana ukihama hatua moja, mviringo nao huhama pamoja nawe. Magari meupe na ya fedha yanayo vilevile, ila huificha vizuri zaidi.

Kabla ya kushika mashine yoyote, inafaa kuelewa kinachoondolewa. Magari mengi yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita kilia, na mikwaruzo hii imo ndani ya tabaka hilo. Kilia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa kati ya mikroni 35 na 50, ilhali unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Kupiga polishi ni kuisaga kilia hiyo kidogo kidogo mpaka uso wake ushuke na kulingana na kina cha mkwaruzo, na kilichosagwa hakirudi. Kazi nzuri, kwa hiyo, ni ile iliyopunguza kilia kidogo kadiri iwezekanavyo na bado ikaliacha gari likipendeza.

Chanzo cha mikwaruzo hii kwa sehemu kubwa ni mkono wa mwenye gari mwenyewe au wa muoshaji wake. Udongo wa sehemu kubwa ya Dodoma umetokana na mawe ya graniti, yale yale yanayoonekana kwenye Jabali la Simba na vilima vya mjini, na ndani ya vumbi lake zimo punje za madini ya kwatzi ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati kioo cha kawaida hukaribia 5.5. Dereva anayelifuta gari kavu kwa dasta kila asubuhi kabla ya kuelekea ofisi za serikali za Mtumba anazisugua punje hizo juu ya kilia, na hakuna polishi itakayodumu kwenye gari linalotendewa hivyo.

Gari lipi linafaa, na lipi lipelekwe kwa fundi rangi

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo bila kukandamiza. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina na haufai kufukuzwa kwa polishi, kwa kuwa utamaliza kilia kabla ya kuufikia mwisho wake. Sehemu ambazo kilia imeanza kubambuka na kuacha mabaka meupe, jambo la kawaida kwenye paa na boneti za magari yaliyopigwa na jua kwa miaka mingi, nazo hazitibiki kwa polishi. Zinahitaji kupakwa rangi upya.

Chunguza pia kama gari limewahi kupakwa rangi tena. Magari mengi tunayoyanunua yalishatumika Japani kabla ya kufika kwetu, na baadhi yalirekebishwa huko au hapa nchini. Mlango wenye kivuli tofauti kidogo cha rangi, au uliobaki na chembe za rangi kwenye raba ya dirisha, ni ishara ya kazi hiyo, na hapo huwezi kujua kilia ina unene gani. Kifaa cha kupima unene wa rangi husaidia sana. Asiye nacho aitendee sehemu hiyo kwa upole zaidi kuliko sehemu nyingine.

Vifaa

Mashine inayofaa kwa mtu wa nyumbani ni ile ambayo pedi yake huzunguka na papo hapo kuyumba nje ya kitovu chake. Mwendo huo wa namna mbili huzuia joto kukusanyika mahali pamoja. Mashine ya mzunguko mmoja, ile inayotumika kwenye gereji nyingi, huondoa mikwaruzo haraka lakini mikononi mwa asiyeizoea huacha vivuli vya mawimbi vinavyoonekana juani, na inaweza kuichoma rangi. Ninasisitiza kwa nguvu zote jambo moja: usifunge sponji kwenye grainda ya kukatia vyuma. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya mzunguko mmoja hufanya kazi kati ya 600 na 3,000, na tofauti hiyo inatosha kuifikia praima, yaani rangi ya chini kabisa, kwa muda mfupi sana.

Utahitaji pia pedi za sponji zisizopungua nne, laini na za ugumu wa kati. Polishi ya kumalizia na nyingine kali kidogo. Vitambaa vya mikrofaiba vya kutosha. Tepu ya karatasi. Na spiriti ya isopropili. Rabingi nzito inayouzwa kwenye maduka ya rangi imekusudiwa kuondoa alama za msasa baada ya gari kupakwa rangi, na kwa mikwaruzo hii ni kali kupita kiasi. Dawa ya meno, ambayo wengine huisugulia mikwaruzo, iachwe bafuni.

Asiye na mashine anaweza kutumia mkono na sponji ndogo, akisugua kwa mistari iliyonyooka. Mikwaruzo itafifia bila kwisha yote, na njia hiyo inafaa zaidi kwenye maeneo madogo kama kile kishimo nyuma ya mshikio wa mlango kinachochorwa na kucha.

Kuosha

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na mimi hutumia muda mwingi zaidi kwenye kuosha kuliko kwenye kupiga polishi. Punje moja ya mchanga iliyobaki kwenye rangi ikinaswa na pedi inayozunguka itachora mikwaruzo mipya, tena ya kina kuliko ile unayoiondoa.

Chagua asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza, na kama inawezekana epuka Agosti na Septemba ambapo vumbi la Dodoma huruka karibu siku nzima. Mvua zetu huanza kwa kawaida Desemba na kuisha Aprili, na siku ya utulivu inayofuata mvua ndiyo bora kuliko zote. Ikiwa ni kiangazi, mwagia maji uwanja mzima unaolizunguka gari, kisha fanya kazi chini ya banda au baraza. Kivuli cha mti hakifai kwa sababu ya utomvu, majani na ndege.

Anza kwa kulimwagia gari maji mengi kutoka paani kushuka chini bila kuligusa, mpaka maji yanayotiririka kwenye milango yasiwe tena na rangi ya udongo. Andaa ndoo mbili, moja ya maji yenye shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Chovya glavu ya mikrofaiba kwenye shampuu, osha sehemu moja kwa mistari iliyonyooka, suuza glavu kwenye ndoo ya maji matupu, ndipo uirudishe kwenye shampuu. Sehemu za chini ya milango na bampa ya nyuma, ambazo hubeba mchanga mwingi, ziwe za mwisho, na magurudumu yawe na kitambaa chake na ndoo yake. Sabuni ya unga isitumike, kwa kuwa chembe ambazo hazijayeyuka hukwaruza.

Maji ya visima, ambayo ndiyo wengi wetu tunayategemea, huwa na chumvi na chokaa nyingi, na yakikauka juu ya rangi huacha madoa meupe yanayong'ang'ania. Kwa hiyo usiliache gari likauke lenyewe. Kama umehifadhi maji ya mvua kwenye simtanki, yatumie kwa suuzo la mwisho, kisha kausha kwa kulalisha taulo la mikrofaiba juu ya bodi na kulivuta polepole. Madoa ya zamani ya chokaa hulegea kwa siki nyeupe iliyochanganywa na kiasi sawa cha maji, ukiiacha kwa dakika moja kwenye kivuli na kuisuuza vizuri.

Baada ya kukausha, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti. Ukihisi vipele vidogo, uchafu bado umejishikiza, na huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaoteleza juu ya maji ya shampuu bila kukandamizwa. Ukidondoka chini, utupe, kwani utakuwa umeokota mchanga.

Kujaribu sehemu ndogo

Bandika tepu kwenye plastiki nyeusi, raba, na hasa kwenye kona na mikunjo ya bodi, mahali ambapo kilia huwa nyembamba. Kisha chagua eneo la sentimita 40 kwa 40 kwenye boneti na ulifanyie kazi peke yake, ukianza na pedi laini na polishi ya kumalizia. Futa eneo hilo kwa spiriti iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya spiriti kwa tatu za maji, ili mafuta ya polishi yasikudanganye kwa kuifunika mikwaruzo. Liangalie kwa tochi ya simu ukiisogeza pole pole pembeni: pale ambapo mviringo wa nyuzi nyeupe ulizunguka mwanga, sasa panatakiwa kuwa na nukta safi ya mwanga na rangi iliyotulia kuizunguka. Ikiwa mikwaruzo mingi imetoka, fuata mchanganyiko huo gari zima. Ikiwa imebaki, rudia kwa pedi ya ugumu wa kati. Ikiwa bado ipo, tumia polishi ile kali kidogo na umalizie na ile laini. Kamwe usianze na kali kwa kutaka kuokoa muda.

Pedi ikichukua rangi ya gari lenyewe, fahamu kwamba sehemu hiyo haina kilia juu yake na unasaga rangi yenyewe. Ikiwa gari lilitengenezwa bila kilia, bado unaweza kuendelea, ila kwa kiasi na kwa pedi laini tu.

Kupiga polishi

Gusa bodi kwanza. Ikiwa ya moto, subiri ipoe. Paka pedi mpya polishi uso wake wote, kisha ongeza matone matatu au manne yenye ukubwa wa punje ya kunde. Weka pedi juu ya rangi kabla ya kuwasha mashine, sambaza kwa kasi ndogo, kisha ongeza hadi namba 4 au 5 kwa mashine yenye namba sita. Sogeza mkono polepole, takriban sentimita 3 kwa sekunde, kila mstari ukipanda nusu ya mstari uliotangulia. Ukimaliza kwa mlalo, rudi kwa wima, mara nne hadi sita kwa jumla. Uzito wa mashine pamoja na mkono uliotulia unatosha. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa bamba linaloshika pedi: mstari ukionekana kusimama huku mashine ikinguruma, unakandamiza kupita kiasi au umeiinamisha pedi, na hakuna kazi inayofanyika.

Polishi inayofanya kazi ipasavyo hubadilika machoni pako. Mwanzoni ni nyeupe na nzito, kisha hupungua mpaka ikawa utando mwepesi ambao unaiona rangi kupitia kwake, na hapo ndipo pa kusimama. Katika hewa kavu ya Dodoma mara nyingi hukauka mapema na kugeuka unga, hivyo punguza eneo, na upulizie pedi tone la maji. Kila ukimaliza eneo, isugue pedi kwa brashi laini kuondoa masalia, na uibadilishe baada ya milango miwili hivi. Kwenye bampa za plastiki punguza kasi, kwa sababu plastiki haitawanyi joto kama bati.

Mkwaruzo mmoja mmoja utakaobaki uache. Kuufukuza kunagharimu kilia ambayo gari litaihitaji miaka ijayo.

Kulinda kazi yako

Futa gari zima kwa spiriti ile ya maji, kisha paka nta au silanti (kinga ya kupaka juu ya rangi) nyembamba siku hiyo hiyo, kwani rangi iliyotoka kupigwa polishi haina kinga ya ziada dhidi ya jua na chokaa. Gari lililopakwa rangi karibuni lisipakwe nta kabla fundi hajathibitisha kwamba rangi imekauka hadi ndani.

Kuanzia hapo dasta isiguse gari tena. Vumbi la asubuhi ama liache, ama uliondoe kwa maji. Turubai la kufunikia gari nalo lina madhara yake hapa kwetu: likifunikwa juu ya gari lenye vumbi na kupigwa na upepo usiku kucha, husugua pembe zote, kwa hiyo litumike tu juu ya gari safi na ndani ya banda. Vitambaa vya mikrofaiba vifuliwe peke yake bila dawa ya kulainishia nguo, vianikwe ndani ya nyumba, na vitunzwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Kilichoanguka chini hata mara moja kihamishiwe kwenye magurudumu.