Kuziba mifereji ya gego la miaka sita kabla halijaoza

Mtoto akikaribia miaka sita, mlaze kichwa mapajani mwako, umulike tochi ya simu mdomoni na uhesabu magego. Kila upande wa kila taya una magego mawili ya utoto. Ukiona la tatu linachungulia nyuma yao, hilo ni jino la kudumu, na likitolewa hakuna jingine litakaloota mahali pake. Wazazi wengi hawalitambui kwa sababu huota kimyakimya, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Hudhani ni la utoto, wakisubiri lidondoke, na siku mtoto anapolia usiku shimo limeshafika ndani.

Gego hili huoza mapema kwa sababu ya umbo lake. Sehemu ya kutafunia ina mifereji na vijishimo, vingine vyembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki, kwa hiyo hata mtoto anayepigishwa mswaki vizuri hubaki na mabaki ya chakula huko chini. Tena jino likianza kuchomoza huchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kufika usawa wa wenzake. Muda wote huo mswaki hupita juu yake bila kuligusa, na ganda lake jipya bado halijakomaa.

Silanti ni tabaka jembamba linalopakwa juu ya mifereji hiyo na kugandia hapo, ili chakula na bakteria visipate pa kujificha. Hakuna sindano wala kuchimba jino. Kwa mujibu wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, silanti huzuia takribani asilimia 80 ya kuoza kwa meno ya nyuma kwa miaka miwili ya kwanza. Lakini kinga hiyo hutegemea jambo moja kuliko mengine yote: jino liwe kavu wakati wa kupaka.

Lini, na jino lipi

Wanaolengwa kwanza ni magego manne ya miaka sita, kisha manne mengine yanayoota karibu na miaka 12. Nenda kliniki mara tu sehemu ya kutafunia inapoonekana yote. Magego ya utoto nayo huzibwa, kuanzia miaka mitatu au minne, iwapo mifereji yake ina kina kirefu na mtoto tayari ana meno mengine yaliyooza.

Mstari mweupe au wa kahawia ndani ya mfereji, ganda likiwa bado halijabomoka, haumzuii daktari kupaka silanti. Bakteria waliofungiwa chini hukosa sukari na uozo husimama. Jino lenye tundu wazi halifai. Hilo linahitaji kuzibwa kwa njia ya kawaida.

Kwa wanaoishi Arusha, Kilimanjaro na kwingineko ambako maji yana floraidi nyingi: madoa meupe au ya kahawia yaliyotapakaa kwenye meno mengi si uozo. Mweleze daktari mtoto amekulia wapi, maana ganda la namna hiyo huenda likahitaji asidi inayopakwa kabla ya silanti ikae muda mrefu zaidi ndipo silanti ishike.

Rezini au glasi ayonoma

Silanti ziko za aina mbili: rezini, ambayo ni aina ya plastiki, na glasi ayonoma, ambayo ni aina ya saruji ya meno. Rezini hudumu zaidi, ila haivumilii mate hata kidogo, na nyingi huhitaji taa ya bluu ya kugandishia. Glasi ayonoma huvumilia unyevu, hutoa floraidi kidogo kidogo na yaweza kupakwa bila umeme, ila hung'oka mapema. Hata hivyo, ikishatoka juu, mara nyingi chembe zake hubaki chini kabisa ya mfereji. Njia ya kuipaka kwa vifaa vya mkono tu ni sehemu ya utaratibu uitwao ART, yaani kutibu meno bila mashine ya kuchimba, ulioanzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na sasa unatumika duniani kote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza glasi ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu.

Ushauri wetu ni huu: jino likiwa limetoka lote na mtoto anatulia, chagua rezini. Ufizi ukiwa bado umefunika sehemu ya nyuma, au mtoto hawezi kukaa mdomo wazi, anza na glasi ayonoma, ukija kuweka rezini baadaye. Kusubiri jino litoke vizuri bila kulipaka kitu ndiko kunakowaponza wengi.

Kazi yenyewe inavyokwenda

Jino moja huchukua kama dakika tano hadi kumi. Kwa rezini, mtaalamu kwanza husugua mifereji kwa brashi na maji, akipitisha ncha ya kifaa taratibu kuondoa uchafu. Kisha huzungushia jino pamba, upande wa shavu na upande wa ulimi, na mpira wa kunyonya mate ukiwa mdomoni. Hapo hupaka asidi ya fosforiki ya asilimia 35 hadi 37 kwa sekunde 15 hadi 30. Asidi hiyo huacha vitundu vidogo sana kwenye ganda, na humo ndimo rezini inamong'ang'ania.

Jino husuuzwa kwa maji sekunde 15 hadi 20, pamba hubadilishwa, na jino hukaushwa kwa hewa. Hatua inayofuata ndiyo ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote. Jino lililokauka sawasawa hupoteza mng'ao na kuwa jeupe kama chaki. Likiwa bado linang'aa, au likiwa na mabaka, asidi irudiwe. Tone moja la mate likigusa weupe ule, vitundu vimeshazibwa na protini ya mate. Kupangusa kwa pamba hakutoshi, lazima kusuuza, kukausha na kupaka asidi upya. Ndiyo maana kazi ya watu wawili, mmoja akipaka na mwingine akilinda mate, hudumu kuliko ya mtu mmoja anayehangaika peke yake.

Rezini huongozwa ndani ya mfereji kwa ncha nyembamba, polepole, ikisukumwa kutoka upande mmoja ili hewa isinaswe. Kiasi kidogo kinatosha: ijaze mfereji, isipande vilima vya jino. Kwenye magego ya chini kuna kijishimo upande wa shavu, na ya juu yana mfereji upande wa kaakaa. Vyote viwili husahaulika sana. Taa ya bluu humulika kama sekunde 20 kila sehemu, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Kisha mtaalamu hujaribu kuing'oa kwa ncha ya kifaa. Ikibanduka sasa, ni heri, maana itapakwa upya papo hapo. Mwisho hupangusa utando unaoteleza juu yake, na mtoto husukutua na kutema. Usiharakishe hatua hiyo: utando ule ndio wenye kemikali ambazo hazikuganda, zikiwemo chembe kidogo sana za BPA, kemikali itumikayo kutengenezea plastiki, ambayo wazazi huuliza habari zake.

Glasi ayonoma haihitaji asidi kali wala hewa nyingi. Jino hupakwa asidi hafifu ya poliakriliki sekunde 10 hadi 20, husafishwa kwa vipamba vyenye maji na kukaushwa kwa pamba. Unga na maji yake huchanganywa kwa kipimo cha mtengenezaji. Mchanganyiko uliopoteza mng'ao umechelewa na hautashika. Huwekwa juu ya mifereji, kisha hukandamizwa kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini, na kilichofurika pembeni hukwanguliwa. Mtoto asile kwa saa moja.

Kumwandaa mtoto

Usimwambie “hutachomwa sindano”, kwa kuwa neno atakalolishika ni sindano. Mwambie meno yatasuguliwa, yatakaushwa na kupakwa rangi, na kwamba atahisi uchachu kidogo. Mafua yakiwa yameziba pua, ahirisha wiki moja. Mtoto anayepumua kwa mdomo hawezi kukaa mdomo wazi na jino likabaki kavu.

Baada ya hapo

Siku hiyo mtoto aweza kuhisi jino limeinuka kidogo. Hali hiyo ikizidi siku mbili tatu, au akitafuna upande mmoja tu, rudi silanti ipunguzwe. Silanti ikaguliwe kila miezi sita, na iliyong'oka nusu iongezwe. Iliyotoka yote mapema, ndani ya miezi michache, karibu kila mara ilipakwa penye mate, au mashine ya hewa ilikuwa ikirusha mafuta.

Silanti hailindi katikati ya jino na jino, kwa hiyo mswaki mara mbili kwa siku uendelee, kwa dawa yenye floraidi ya angalau ppm 1,000 (sehemu 1,000 kwa kila milioni; kipimo hiki huandikwa kwenye kopo). Chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita, punje ya njegere. Ateme, asisuuze. Gego linalochomoza lipige mswaki kwa kuuingiza kutokea upande wa shavu, ukikatiza safu ya meno, na ufanye mwenyewe hadi mtoto afike kama miaka minane. Punguza ubuyu wa sukari na peremende za kufyonza muda mrefu, na mkataze kutafuna barafu, kwani huvunja kingo za silanti.

Andika kwenye daftari la kliniki tarehe, jino na aina iliyopakwa. Atakapofika miaka 11, anza tena kuhesabu kwa tochi: gego jipya litachungulia nyuma ya lile ulilokwisha kuliziba.