Kadi za harusi: zitoke lini, na idadi ya wageni uipate vipi

Kwenye harusi za kamati, yaani zinazoandaliwa na kamati kwa michango ya wageni, hasa Dar es Salaam, mgeni hajibu "nitakuja". Anajibu kwa mchango. Kwa hiyo kalenda ya kadi hufuata ya pesa.

1. Miezi 3 kabla: kadi za mchango. Ziwe na tarehe ya mwisho (wiki 3 kabla ya sherehe), namba ya mweka hazina na jina lililosajiliwa. Kiwango cha singo (kadi ya mtu mmoja) na dabo (ya watu wawili) kipitishwe kikao cha kwanza. Kikibadilishwa katikati, waliokwisha kulipa watanung'unika, na wana haki.

2. Daftari la katibu: jina, ahadi, taslimu, aina ya kadi. Pesa ya simu mara nyingi huingia kwa jina la mke au la kijana wa dukani. Katibu asipouliza siku hiyo hiyo, mchangaji atakosa kadi na lawama zitamwangukia bwana harusi.

3. Siku 14 hadi 10 kabla: kadi za mwaliko. Mapema zaidi unagawa kadi kwa ahadi hewa. Tena taarifa ya kusudio la ndoa, ambayo sheria ya Tanzania inataka itolewe siku 21 kabla, iwe imeshabandikwa. Pingamizi likija, afadhali likukute hujachapa. Wa mikoani waambiwe tarehe mwezi mzima kabla, waombe ruhusa kazini.

4. Siku 5 kabla: mpe mpishi idadi ya watu, si ya kadi. Kadi 200 zenye dabo 130 ni watu 330, meza 33 za watu kumi kumi. Ongeza sahani za mshereheshaji, wapiga picha na madereva. Hapa ndipo pilau huishia njiani.

MASWALI

Aliyelipa nusu ya dabo?
Singo. Akimalizia kabla ya siku ya hesabu, mbadilishie.

Kadi ya simu yenye QR ikisambazwa, mkuu?
Inayosomwa kwanza ndiyo inaingia, hata kama mwenyewe yuko nyuma kwenye foleni. Weka mlangoni orodha ya majina na ndugu anayezijua sura.

Shangazi hajachanga, namwachaje?
Humwachi. Wazee wa ukoo wana orodha yao, nje ya michango, na kadi ya karatasi wanapelekewa nyumbani. Picha ya WhatsApp kwa shangazi utaisikia kwenye kikao cha ukoo.